Mavyaa anasema uso wangu unamkatisha maneno

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, kwetu ni Njombe. Niliolewa Tanga mwaka juzi na tunakaa Makorora, nyumba moja na mama mkwe, ambaye huku huitwa mavyaa. Mambo ya dini tuliyamaliza kabla ya ndoa, hayo si tatizo. Mume wangu hana neno, na mama mkwe wangu si mtu mbaya. Nasema mapema usije ukadhani nimeandika ili kumsema. Tatizo langu ni uso.

Kwetu mtu mzima akizungumza nawe unainamisha macho na kunyamaza, akimaliza ndipo unajibu. Ndivyo nilivyolelewa, na mama yangu ndivyo alivyo. Huku nikifanya hivyo naambiwa nimenuna. Mwezi uliopita mama mkwe alirudi kutoka msibani Pangani, akakaa barazani, akaanza kunisimulia. Nilikuwa nachagua mchele. Nikaweka ungo chini, nikatulia kabisa nimsikilize kwa heshima zote. Akasimulia kidogo, akanitazama. Akasimulia tena, akanitazama. Katikati ya habari, hata marehemu hajazikwa, akasema, "Basi, tuyaache," akaingia ndani. Baadaye akapita jirani, nikamsikia anamsimulia yeye yote mpaka mwisho, na machozi juu, na vicheko juu.

Usiku mume wangu akaniambia, "Mama anasema unamsikiliza kama karani wa mahakama." Nililia, Shangazi. Ile habari iliniuma. Marehemu nilimjua, alikuja kwenye harusi yetu.

Halafu kuna wifi zangu wawili. Wakiwa jikoni, nikiingia tu, mmoja anamwashiria mwenzake kwa mdomo kuelekea nilipo. Hasemi kitu, ni mdomo tu. Mimi naona wazi nasengenywa, lakini nikimwambia mume wangu anasema hakuna kitu, ndivyo walivyo.

Nina kiduka cha vitambaa Ngamiani. Huko nako nasikia wateja wanasema yule dada ana uso mkavu. Siku moja nilikuwa naandika kwenye daftari, nikampa bibi mmoja chenji kwa mkono wa kushoto. Akauacha mkono wangu unaning'inia vilevile, akasema, "Nipe kwa kulia, mwanangu." Duka zima likanigeukia.

Nimejaribu kutabasamu. Wifi mdogo akaniuliza kama meno yananiuma.

Nikaingia mtandaoni kutafuta msaada, nikakuta video ya mtaalamu anasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Kama ni hivyo basi mimi nimeshafeli.

Anayenifurahisha ni mama mkubwa, dada yake mama mkwe, anayekaa Pangani. Yeye hunicheka waziwazi: "Mwali wetu huyu hata ukimwambia nyumba inaungua atasema haya." Lakini kwake sikasiriki, sijui kwa nini.

Mume wangu anasema tupange vyumba Kange tuhame. Shangazi, nijifunze kuigiza, au tuhame?

Mgeni, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na karibu Tanga, ingawa karibu yangu imechelewa.

Hiyo asilimia 93 itupe leo hii, kabla hujaweka chai jikoni. Imetokana na majaribio ya mwaka 1967 ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa California. Watu walisikilizishwa neno mojamoja lililosemwa kwa sauti za namna mbalimbali, na katika jaribio jingine wakaonyeshwa na picha za nyuso, kisha wakaulizwa wanadhani msemaji anampenda au hampendi yule anayeambiwa. Kwa hiyo hesabu ile inahusu jambo moja tu: neno linapopingana na sauti na uso kuhusu mapenzi au chuki, msikilizaji anaamini lipi. Mehrabian mwenyewe amekwisha kueleza kwamba nje ya hapo haitumiki. Na ingekuwa kweli kwa mazungumzo yote, hizi tamthilia za Kituruki tunazokesha nazo zisingehitaji kuingiziwa sauti za Kiswahili. Tungezielewa kwa kutazama nyusi tu.

Sasa twende barazani, maana kesi yako yote iko pale.

Wewe unafikiri mavyaa alikuwa anasimulia na wewe unasikiliza. Sivyo. Mlikuwa mnasimulia wawili, na mmoja wenu hakufanya kazi yake. Mwaka 2000 Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili hili. Waliwaweka watu wawili wawili, mmoja amsimulie mwenzake kisa cha hatari aliyonusurika. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya pembeni bila msimuliaji kujua: kila wakisikia neno linaloanza kwa herufi T, wabonyeze kitufe. Kwa hiyo masikio yalikuwa wazi, maneno yalikuwa yanaingia, lakini nyuso zilikufa. Kilichowapata wasimuliaji ndicho kilichompata mavyaa wako. Kisa kiliwavunjikia, hasa kilipofika mahali pake pa moto. Walikatisha, walirudia, walijieleza kwa nini kisa chao ni cha maana. Kisa chao hakikuwa kibovu. Walikuwa wanakitupa na hakuna wa kukidaka.

Bavelas aligawa majibu ya msikilizaji katika aina mbili, na hapa ndipo nataka utulie. Aina ya kwanza ni zile za kumwambia msemaji niko pamoja nawe: "enhe", "mmh", kichwa kinachoitikia. Hizo zinafaa popote, hata kama hadithi ni ya bei ya nyanya. Aina ya pili ni zile zinazofaa pale tu, kwenye neno lile tu: macho kutoka, uso kukunjamana anaposema alijikwaa, mkono kwenda mdomoni. Wale waliokuwa wanahesabu T waliikosa hasa hii ya pili, kwa sababu huwezi kuifanya bila kuifuata habari hatua kwa hatua. Ndiyo maana msimuliaji anaitegemea. Ni ushahidi wake kwamba umefika alipofika yeye.

Mavyaa alipokuwa anakutazama kila baada ya maneno mawili matatu, hakuwa anakupima adabu. Alikuwa anaiomba hiyo ya pili. Ukamnyima, naye hakujua kama ni heshima. Aliona mtu asiyejali msiba wake.

Kwa hiyo tuchukue habari ileile ya Pangani, tuifanye upya. Maneno nayatunga mimi, lakini wewe mwenyewe utayatambua.

Anasema, "Basi nikashuka kwenye gari, naona watu wamejaa mpaka njiani." Hapo "enhe" inatosha, na kichwa kidogo. Endelea hata na mchele wako ukitaka. Hilo la kuweka ungo chini na kukaa wima kama uko mbele ya hakimu ndilo lililomtisha. Huku kwetu habari nzuri husimuliwa mikono ikiwa na kazi, na uso ndio unaokuwa huru.

Anasema, "Kuuliza, naambiwa mtoto wake mkubwa bado hajafika." Hapo rudia neno lake la mwisho: "Hajafika!" Nyusi zipande. Umeona? Hujaongeza neno lolote la kwako, umemrudishia lake, lakini sasa anajua kwamba umeona ubaya wa jambo: mtoto mkubwa hayupo na maiti inasubiri.

Anasema, "Maiti imeshaoshwa, wazee wanasema wakati unapita." Sasa mikono iache mchele. Mkono mmoja uende mdomoni au shavuni, macho yamwinukie, na neno liwe fupi, "Ya Rabi," au sauti tu bila neno. Halafu nyamaza. Hapo kimya kina kazi, maana yeye ndiye anayetaka kukupeleka mbele, na wewe umemwonyesha kwamba unangoja.

Nakuhakikishia hatasema tuyaache. Atakusimulia mpaka alivyokosa gari la kurudi.

Angalizo dogo kuhusu huo mkono shavuni. Unakwenda na kurudi. Ukiuacha ukaegemeza shavu kiganjani umeshika tama, na hapo wazee wa pwani watakukemea wakisema unaita msiba. Na huu msiba umeshafika, usiite mwingine.

Umeniuliza kama ujifunze kuigiza. Mwanangu, habari ilikuuma, umesema mwenyewe. Usiku ulilia. Unachokosa si huzuni, ni njia ya kuitoa saa ile ile mbele ya mwenye habari. Paul Ekman na Wallace Friesen walilishughulikia jambo hili miaka mingi iliyopita. Ekman alikwenda mpaka Papua New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa watu wa kabila la Fore ambao walikuwa wametengwa na dunia, akawaonyesha picha za nyuso na kuwasomea visa vifupi. Akatoka na hoja kwamba nyuso za hofu, furaha, huzuni na hasira zinatambulika hata huko. Hoja hiyo wataalamu bado wanabishana nayo mpaka leo, na mimi siingii katikati yao. Kinachonifaa mimi ni jambo la pili walilolisema, ambalo halina ubishi mkubwa: kila jamii ina kanuni zake za lini uso uachiwe, lini ukazwe, na mbele ya nani. Wewe umelelewa kwenye kanuni ya kuukaza mbele ya mkubwa. Umekuja kuolewa penye kanuni ya kuuachia mbele ya huyo huyo mkubwa. Zote ni adabu. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Na usidhani huku hatuinamishi macho. Tunainamisha sana, ila kwa zamu. Mavyaa akikuagiza, akikukanya, akikuuliza jambo la ndani, macho chini, hapo Njombe na Tanga ni wamoja. Akikusimulia ni mlango mwingine. Kama kumtazama usoni kunakupa shida, tazama mikono yake, maana mikono ya mwanamke wa Tanga nayo inasimulia: ataonyesha umati ulivyojaa, ataonyesha marehemu alivyokonda. Kisha penye uzito ndipo uyainue macho. Kwa mtu mzima inatosha, na hujamkodolea.

Kuna na suala la kuwahi. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti wa lugha 10 za mabara mbalimbali, Kiswahili hakimo, kuona mtu akiulizwa swali la ndiyo au siyo anachukua muda gani kujibu. Wastani wa lugha zote ulikuwa kama moja ya tano ya sekunde, na kila lugha ilipishana na wastani huo kwa robo ya sekunde hivi au chini yake. Wanaojibu kwa kichwa au uso walitangulia wanaojibu kwa mdomo, na majibu ya kukubali yaliwahi kuliko ya kukataa. Sasa fikiria mavyaa kakuambia, "Si unamkumbuka yule mama wa harusini?" na wewe kwa heshima unangoja amalize kabisa, unameza mate, ndipo unasema ndiyo. Huo muda mdogo yeye kashausoma kama hutaki. Nyusi zinawahi kuliko ulimi. Zipandishe mara moja, kwetu hiyo ni ndiyo iliyokamilika, kisha neno lifuate kwa wakati wake.

Tabasamu achana nalo kwa sasa. Wifi mdogo ana ulimi, lakini hajakosea. Daktari Mfaransa Duchenne alieleza tangu mwaka 1862 kwamba kucheka kwa furaha kunavuta msuli wa shavu pamoja na ule unaozunguka jicho, na kwamba huu wa jicho hautii amri kirahisi. Ukilazimisha, mdomo unapanda peke yake na macho yanabaki yanashangaa. Tena hakuna aliyekudai tabasamu. Mtu katoka msibani, umtabasamie nini? Wanachokudai ni jibu.

Haya, wifi zako na midomo yao. Hapa naomba uwe na subira na mimi kwa sababu sikubaliani nawe, wala sikubaliani na mumeo anayesema hakuna kitu.

Mdomo wa pwani una kazi nyingi, na mbili kati ya hizo kwa mgeni zinafanana. Kuna kuchongoa mdomo, na kuna kubinua mdomo. Kuchongoa ni midomo yote miwili kusogezwa mbele pamoja, na kidevu kinainuka kidogo kuelekea kitu. Huko ni kuonyesha. "Yule pale." "Chumvi iko kule." "Ameingia, muulize yeye." Nani ana mkono wa kunyoosha jikoni wakati viganja vimejaa unga wa chapati au mmoja anapaa samaki? Tena kumnyooshea mtu kidole huku si adabu, kwa hiyo mdomo ndio unaobeba. Hata mavyaa akikuulizia ulipo, wifi anaweza kumjibu kwa mdomo bila kuacha kukuna nazi.

Kubinua ni mdomo wa chini kushuka na kugeuka nje, mara nyingi upande mmoja, na uso unageuziwa pembeni. Hiyo ni dharau, na haina jina jingine.

Lakini usitazame mdomo peke yake. Tazama macho. Anayekuonyesha tu, macho yake yanakugusa mara moja na kurudi kwa mwenzake au kwenye kazi. Anayekudharau atakupandisha na kukushusha, kuanzia utosini mpaka kandambili, taratibu, ili uone kwamba anakutazama. Na mara nyingi msonyo utafuata. Dharau ya pwani, mwanangu, haifichwi. Ikifichwa haina faida kwa mwenye nayo. Barua yako haitaji macho, haitaji msonyo, inasema mdomo tu kuelekea ulipo. Mimi kwa maelezo hayo naona wanaulizana, "Huyo kaja, tumpe kazi gani?" na kwa kuwa unaingia kimya hawajui pa kuanzia, wanacheka au wananyamaza. Wakati mwingine ingia na neno mdomoni. "Mwanipikia nini?" Uwatazame watajibu kwa nyuso za namna gani. Hapo utajua kama nimekosea.

Wakikubinulia kweli, usijibu. Pita. Hujafikia daraja la kujibizana kwa uso na wanawake wa Makorora, watakumaliza asubuhi tu.

Ukitaka kuona sanaa hii ikiwa imevaa dhahabu, nenda kwenye harusi yenye taarabu. Tanga ndiko kwenyewe, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Kaa nyuma, usicheze, utazame wanaoinuka kutunza. Mwimbaji anafika kwenye ubeti wa kichomo, mwanamke anasimama, noti iko juu kati ya vidole viwili, anatembea mwendo ambao kwa kawaida hatembei, na kabla ya kumfikia mwimbaji atapitisha jicho kwenye meza fulani. Hajatamka kitu. Meza nzima imeelewa, na ukumbi umeelewa kwamba meza imeelewa. Kesho mtu akiuliza, atasema, "Mie nilikuwa natunza tu." Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, yeye na Carol Eastman, waliandika mwaka 1985 katika jarida la chuo cha SOAS cha London kuhusu ishara za Waswahili zinazokwenda na vielezi na viingizi vyetu, na mimi hufurahi kwamba kuna mtu aliyekaa akayaandika mambo haya kwa heshima, maana wengi huyaita umbea. Ila nakuonya: usiinuke kutunza mpaka umeuliza wimbo unamlenga nani.

Dukani sina mengi. Mkono wa kulia kwa kutoa na kupokea, hilo halina mjadala, na kama unaandika, weka kalamu chini kwanza. Mteja mzima mpe chenji huku mkono wa kushoto umegusa kiwiko cha kulia. Ukimwita mtu aliye mbali, kiganja kitazame chini na vidole vyote vije pamoja, usimwite kwa kidole kimoja kilichopinda. Na usitaje bei kabla ya salamu kuisha. Salamu za Tanga ni ndefu, najua, lakini ndani ya hizo salamu mteja anaamua kama anakupenda, na kitambaa anakiona baadaye. Bibi wa chenji, kwa taarifa yako, alikuita mwanangu. Angekasirika angeondoka bila chenji na bila kurudi.

Nakuuliza jambo moja kwa haraka. Umesema umekuwa hivi tangu utotoni na mama yako yuko hivyo, kwa hiyo sina wasiwasi. Lakini kama uso ulikuwa unacheka na sasa umezimika, huli vizuri, hulali, hakuna kinachokufurahisha, basi hilo si la mila wala la mavyaa. Nenda hospitali ukamweleze daktari.

Sasa nani amwambie mavyaa? Maana kazi yote hii nimekupa wewe, na si haki. Naye anahitaji kujua kwamba Njombe mtoto akinyamaza amekuheshimu. Usimwambie wewe, itaonekana unajitetea. Wala asiambiwe na mumeo, ambaye naona amekuwa mpeleka maneno: anachukua la mama barazani analileta chumbani usiku, likiwa limepoa na limechacha. "Karani wa mahakama" ni utani ambao ungeambiwa pale pale ungecheka. Umefika kitandani ukawa hukumu. Mwambie mumeo kwa upole asikuletee tena maneno ya mama. Kama mama ana neno na wewe, mkae watatu, na yeye awepo kama mtoto wa nyumba, asiwe mkalimani.

Anayefaa ni mama mkubwa wa Pangani. Umejiuliza kwa nini kwake hukasiriki. Kwa sababu yeye anakucheka usoni, na akikucheka unaona macho yake yanacheka pia, kwa hiyo huna cha kubahatisha. Tena ni mkubwa wa mavyaa, anaweza kumwambia lolote. Mpigie simu, au bora zaidi panda gari umfuate siku moja ya wiki duka likiwa halina watu, upeleke na kitambaa, ukae naye. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Kisha umwombe awe somo wako, yaani kungwi wa kukufunda. Nina hakika ulipoolewa hukuwekewa somo wa upande huu, kwa kuwa mlimaliza mambo ya dini mkadhani mmemaliza yote. Somo si wa mambo ya chumbani tu. Yeye ndiye atakayekukalisha akusimulie kisa, na kila unapokaa kimya akupige kofi la goti: "Enhe yako iko wapi?" Mtacheka, lakini hivyo ndivyo wasichana wa hapa walivyofundwa, ila wao walifundwa wakiwa wadogo wakidhani ni mchezo.

Kuhusu Kange: kama mnataka kuhama kwa sababu chumba ni kidogo, au kwa sababu mumeo anafanyia kazi huko karibu na stendi, hameni, vijana wenye nyumba yao hawana kosa. Kwa ajili ya hili la uso, bado. Mkihama sasa mavyaa atabaki na ile habari ya Pangani iliyokatika katikati, na wifi zako watapata ya kusema ambayo leo hawana. Jipe mpaka baada ya Ramadhani. Na usingoje asimulie yeye. Jioni ukitoka dukani, wewe ndiye ukae barazani umsimulie mavyaa kisa cha bibi na chenji, mkono ulivyobaki unaning'inia na duka zima limekugeukia. Mwonyeshe na huo mkono. Halafu tazama uso wake unavyofanya ukiwa unasimulia, wala usimwambie kwamba Shangazi ndiye aliyekutuma.